Kabla ya Kununua Pampu: Gari Linapozima Njiani, Linapogoma Kuwaka au Linaponuka Petroli

Mwalimu mmoja wa hapa Tororo, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, aliniletea gari lake likiwa na pampu ya tatu ndani ya miezi mitano. Kila Ijumaa akienda Mbale, akifika katikati ya safari gari linapungua nguvu, linakohoa, linazima. Anasimama pembeni, anangoja, anajaribu tena, linawaka. Mafundi wawili waliomwona kabla yangu walimwambia neno moja: "Mwalimu, pampu imechoka." Akalipa mara ya kwanza, akalipa mara ya pili, na Ijumaa iliyofuata akajikuta amesimama kando ya barabara tena.

Niliingia naye garini tukaenda. Lilipozima nikamwomba asiguse ufunguo. Nikazunguka nyuma nikalegeza kifuniko cha tanki taratibu. Kikavuta hewa kwa mluzi mrefu, na bati la tanki likalia "ko!" likirudi mahali pake. Nikamwambia awashe. Likawaka papo hapo, likanguruma vizuri kama lilivyotoka nyumbani.

Pampu zake zote tatu zilikuwa nzima. Kifuniko cha asili kilisahauliwa kwenye kituo cha mafuta, naye akanunua kingine kilichokaza vizuri lakini hakina valvu ya kuingiza hewa. Chini ya gari, mpira unaopumulisha tanki ulikuwa umezibwa na nyigu wa matope. Nilichokonoa udongo mkavu ukatoka kama chaki. Pampu ilikuwa inanyonya petroli kutoka kwenye tanki lisiloingiza hewa, hadi ikashindwa.

Ninaandika haya kwa sababu pampu ya petroli huhukumiwa mara nyingi bila kusikilizwa. Kuibadilisha ni gharama, na kufungua tanki ni hatari. Kwa hiyo tuanze na dalili, tufuate kila moja hadi kwenye chanzo chake, na pampu iguswe pale tu inapothibitika kwamba kosa ni lake.

Kwanza, ujue kilichomo

Katika magari mengi ya petroli yenye injekta, yaani vipuli vinavyopulizia injini petroli, pampu imo ndani ya tanki, chini ya kiti cha nyuma. Ni mota ndogo ya umeme inayozama kwenye petroli, na petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Anayetembea kila siku taa ya mafuta ikiwa inawaka, akiweka ya elfu kumi kumi, anaiacha pampu nje ya maji yake. Miguuni pampu huvaa chujio laini ambalo sisi gereji tunaliita soksi. Juu yake kuna chujio kubwa zaidi na kirekebisha shinikizo. Ndani ya pampu kuna valvu ndogo inayozuia petroli isirudi tankini gari likizimwa.

Upande wa pili kuna njia ya mvuke. Petroli hugeuka mvuke kidogo kidogo hata ikiwa imetulia, na mvuke wake hauachwi utoke ovyo. Unapelekwa kwenye kanista, yaani kopo lenye makaa maalum yenye vitundu vidogo mno vinavyoushika. Injini ikiwaka, kompyuta hufungua valvu ndogo ya umeme, injini inauvuta ule mvuke na kuuchoma. Kanista ina tundu jingine la kuingizia hewa safi, na kwa tundu hilo hilo tanki linapumua. Jimbo la California ndilo lililotangulia kudai mfumo huu, kwa magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata mwaka 1971. Walikuwa wanapambana na moshi mzito wa mijini, kwani mvuke wa petroli ukipigwa na jua huchangia kuutengeneza. Ndani ya mvuke huo mna kemikali iitwayo benzini, nayo husababisha saratani. Kwa hiyo anayekuambia "toa hiyo kanista, haina kazi" anakuumiza wewe na watoto wanaokaa kiti cha nyuma.

Gari haliwaki kabisa, stata inazunguka

Wengi wamefundishwa kufungua ufunguo bila kupiga stata, wasikilize pampu ilie sekunde mbili. Kwa magari mengi hilo ni sawa. Lakini Toyota nyingi za zamani haziwashi pampu mpaka injini ianze kuzunguka. Ukisikia kimya kwenye gari la aina hiyo, usiseme pampu imekufa. Mwombe mwenzako apige stata, wewe weka sikio kwenye mdomo wa tanki, kifuniko kikiwa wazi. Sigara iwe mbali, simu uiache mfukoni.

Kama kimya kinaendelea, anza na fyuzi, kisha rilei ya pampu, yaani swichi ya umeme inayoiwasha. Badilisha rilei hiyo na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi lile lile, ujaribu. Halafu uliza swali ambalo mafundi wengi hulisahau: gari lina alamu, kifaa cha kulifuatilia, au swichi ya siri ya kuzuia wezi? Hapa Uganda vifaa hivyo hufungwa sana, na aliyevifunga karibu kila mara ameukata waya wa pampu na kuuunga kwa mkono chini ya dashibodi. Mwungo ule ukilegea, gari linakufa. Nimetoa gari barabarani si mara moja kwa kuunga upya waya mmoja tu. Baadhi ya magari, yasiyo ya Kijapani hasa, yana pia swichi inayokata mafuta gari likigongwa. Shimo kubwa la barabarani linaweza kuiamsha, na huwa na kitufe cha kubonyeza irudi.

Sasa umeme wenyewe. Hapa ndipo watu wanapodanganywa na mita. Fundi anachomoa soketi ya pampu, anapima, anaona volti 12, anasema: "Umeme upo, basi pampu mbovu." Waya uliooza ukabaki na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 bila wasiwasi, kwa sababu hakuna kinachovuta. Ukiupa pampu ya kuzungusha, unaanguka. Kwa hiyo pima soketi ikiwa imechomekwa na pampu inaendeshwa, ukichoma ncha za mita kwa nyuma ya soketi. Weka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye waya chanya wa pampu. Ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Kisha pima upande wa hasi: ncha moja kwenye hasi ya pampu, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo nataka isizidi nusu volti pia, na gari zuri huonyesha chini ya hapo. Ikifika volti moja, usinunue pampu, tafuta nati ya ardhi, ile inayofunga waya wa hasi, yenye kutu. Kwa kawaida imefungwa kwenye bodi, karibu na kiti cha nyuma au ndani ya buti.

Umeme ukifika sawasawa na pampu haiendi, gonga chini ya tanki kwa ngumi au kwa nyundo ya mpira huku mwenzako anapiga stata. Ikianza, brashi za ndani zinazoipa mota umeme zimekwisha. Hilo litakufikisha nyumbani, halitakufikisha wiki ijayo.

Na ikiwa pampu inalia vizuri lakini gari haliwaki, kumbuka plagi, koili na vihisio vya mwendo wa injini. Angalia cheche kabla ya kufungua kiti.

Asubuhi linachelewa, mara ya pili linawaka

Piga stata sekunde mbili, acha, piga tena. Kama mara ya pili linakamata haraka, shinikizo lilikuwa limeshuka usiku. Kosa laweza kuwa valvu ya ndani ya pampu, kirekebisha shinikizo, au injekta inayodondosha. Injekta hujitangaza: asubuhi moshi mweusi, harufu ya petroli kwenye ekzosi, na plagi moja ikiwa imelowa.

Kwa uhakika funga geji ya kupima shinikizo la petroli. Kwa injini kama 1NZ-FE, inayopatikana kwenye Toyota ndogo nyingi tulizonazo, inatakiwa takriban kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukizima, baada ya dakika tano isiwe imeshuka chini ya kPa 147. Gari lako likiwa na injini nyingine, tafuta namba zake, usikope hizi. Na kama kirekebisha shinikizo kipo juu ya injini na kina kimpira cha kuvuta hewa, kichomoe. Ukikuta petroli ndani ya kimpira, ngozi ya ndani imepasuka. Hilo halihitaji geji wala mjadala.

Onyo kwa wenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile za Toyota ziitwazo D-4. Ile pampu ya pili, iliyo juu ya injini, hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana kuliko hili la tankini. Usilegeze bomba lake injini ikiwa inawaka. Petroli hiyo hupenya ngozi.

Linakwenda vizuri tambarare, linakufa mlimani

Wateja wa Kapchorwa, kule milimani, huniletea hili. Kwenye tambarare gari ni zima. Likianza kupanda na mzigo, nguvu zinakwisha, linajivuta. Geji ikipimwa gari limesimama itasema kila kitu ni sawa, kwa sababu injini iliyosimama inakunywa kidogo. Tatizo ni wingi. Soksi imeziba, au chujio, au pampu imechakaa na haiwezi tena kutoa petroli ya kutosha inapohitajika. Pima umeme pampu inaoula: nyingi hukaa kati ya ampea 4 na 8. Ikila zaidi ya kawaida yake, inasukuma kitu kilichoziba au inajikwaruza. Ikila kidogo na shinikizo ni dogo, rudi kwenye nyaya kwanza.

Usiisahau petroli yenyewe. Mpakani huku petroli ya jerikeni haikosi, na siku za uhaba, kama Januari 2022 malori yalipokwama mpakani, kila mtu alinunua alichokipata. Chota kidogo kutoka kwenye tanki, weka kwenye chupa nyeupe ya kioo, iache nusu saa. Maji hukaa chini, na mstari unaonekana wazi, yakicheza kama tone la zebaki ukiinamisha chupa. Kisha dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli safi hukauka ikaondoka. Ikiacha doa la mafuta, shuku mafuta ya taa. Ukipata kimoja kati ya hivi, tanki lisafishwe kabla ya kuweka chochote kipya. Na usinyonye petroli kwa mdomo ukiivuta na mpira. Najua vijana wanafanya hivyo kila siku. Tone moja likiingia mapafuni linatosha kumlaza mtu hospitali. Pampu ya mkono ya kunyonyea haigharimu kitu.

Linazima likiwa na joto

Hapa kuna mambo matatu yanayofanana sana, na njia ya kuyatenganisha ni kuwa pale linapozima. Ukifungua kifuniko cha tanki likavuta hewa kwa nguvu na kuwaka mara moja, ni lile la mwalimu: tanki halipumui. Likihitaji dakika ishirini au thelathini kupoa ndipo liwake, na wakati wa kugoma pampu haisikiki ingawa umeme unafika, pampu inakufa kwa joto. Likigoma huku pampu inalia na geji ina shinikizo, geukia koili au kihisio cha mwendo. Pumzi kidogo ya hewa unapofungua tanki ni kawaida, hasa mchana wa jua. Nazungumzia mluzi mrefu na bati linalolia.

Pampu inayolia kwa sauti ya nyuki mpaka unaisikia ukiendesha: jaza tanki zaidi ya nusu usikilize. Sauti ikipotea, ilikuwa inavuta hewa. Isipopotea, soksi au pampu yenyewe.

Limetoka kujazwa, sasa haliwaki

Dalili hii ninaipenda kwa sababu inasema ukweli haraka. Gari ni zima siku zote, ila ukishajaza petroli, hapo hapo kituoni linagoma, linawaka kwa kukohoa, linatoa moshi mweusi, kisha linatulia. Ile valvu ya umeme kati ya kanista na injini imekwama wazi. Unapojaza, mvuke wote uliokuwa tankini unasukumwa kwenye kanista, na kwa kuwa mlango haujafungwa, injini inaukuta ukiwa mwingi mno. Ukikanyaga mafuta nusu wakati wa kupiga stata linawaka, kwa sababu umeongeza hewa.

Jaribio lake ni la dakika tano. Chomoa valvu, puliza kwa mpira safi, usiweke mdomo wako. Bila umeme isipitishe hewa hata kidogo. Ipe volti 12, ilie "tak" na ipitishe. Ukiitikisa zikatoka punje nyeusi kama baruti, kanista imepasuka ndani na makaa yanasafiri. Ukibadilisha valvu peke yake, punje zitairudia. Kanista nayo ibadilishwe.

Na kanista huharibiwaje? Kituoni. Bomba likishajikata lenyewe, mteja anamwambia mhudumu: "Ongeza kidogo ifike hesabu." Wengine hulitikisa gari ili liingie zaidi. Ile nafasi ya juu imeachwa kwa ajili ya mvuke. Ukiijaza, petroli yenyewe inamwagika kwenye makaa, na makaa yaliyolowa petroli hayashiki tena mvuke. Bomba likijikata, mama, kaka, acha hapo hapo.

Harufu ya petroli

Harufu ikiwa nyuma, baada ya kujaza, kagua kwanza mpira wa kifuniko: umepasuka, umekauka? Kisha shingo ya tanki, palipoungwa kwa bomba la mpira. Harufu ikiwa ndani ya gari, inua kiti cha nyuma, ufungue bamba la pampu. Vumbi kavu juu yake ni dalili njema. Vumbi lililolowa na kuwa jeusi linakuonyesha penye uvujaji. Harufu ikiwa mbele huku injini ina joto, zima, usiendelee na safari mpaka uone inatoka wapi.

Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani. Hata baada ya sheria ya 2018 kukataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, mipira yake ya mvuke huwa imekula miaka mingi kabla ya kuonja vumbi letu jekundu. Ikunje kwa vidole kwenye kona. Ikionyesha nyufa, badilisha kwa mpira wa petroli, si wa maji.

Taa ya injini na mashine ya kusoma namba za hitilafu husaidia, ila kwa kiasi. P0455 ni uvujaji mkubwa wa mvuke, na mara nyingi ni kifuniko. P0442 ni mdogo, P0456 mdogo zaidi. P0441 inahusu mtiririko wa ile valvu, P0446 njia ya kupumulia. Lakini magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani hayajipimi uvujaji wa mvuke kabisa. Taa kutowaka si ushahidi kwamba mfumo ni mzima. Pua yako na mkono wako vinatangulia.

Ikithibitika ni pampu

Fanyia nje, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye shimo la gereji, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali kuliko yoyote tuliyowahi kuiona Uganda. Mama wa chai aliye na sigiri hatua kumi kutoka hapo umwombe kwa heshima asogee, au wewe ulisogeze gari. Kizima moto cha poda kiwe karibu, kikiwa kimejaa. Taa ya waya yenye glopu usiitumie, maana glopu ikipasuka ni moto.

Tanki liwe chini ya robo. Chomoa fyuzi ya pampu, washa injini izime yenyewe, piga stata mara moja tena kumaliza shinikizo, halafu toa hasi ya betri. Futa na upige brashi vumbi lote juu ya kifuniko cha pampu kabla ya kukifungua, kwani kila punje itakayodondoka itaishia kwenye soksi. Mipira ina klipu za plastiki ambazo zimekauka. Zibonyeze, usizing'oe kwa bisibisi.

Unaponunua, pale Kisekka, soko la vipuri Kampala, au popote, muuzaji atakugusishia pampu kwenye betri uone inazunguka. Kuzunguka hakusemi chochote juu ya shinikizo, na pampu inayozungushwa kavu inajila. Linganisha namba iliyoandikwa juu yake na ile ya zamani. Soksi iwe mpya, oringi ya kifuniko, yaani pete ya mpira ya kuziba, iwe mpya. Oringi ya zamani ikishaonja petroli hutanuka, na ukiilazimisha irudi kwenye mfereji wake itavuja. Nyaya za ndani ya tanki zisiungwe kwa waya wa nyumba na tepu nyeusi. Petroli huyeyusha gundi ya tepu ndani ya siku chache, halafu una waya uchi ndani ya tanki.

Kaza boliti kwa kupokezana, upande huu na upande ule. Rudisha betri na fyuzi, washa, piga kila mwungo kwa kidole kikavu, unuse kidole. Endesha nusu saa, rudi, kagua tena. Usiku lifunge gari vioo vikiwa juu. Asubuhi, kabla ya kufungua kitu kingine chochote, fungua mlango wa nyuma uvute pumzi. Ukisikia petroli, hata kidogo, oringi haijakaa. Inua kiti tena.